Uzi: Filamu fupi nusu kamera nusu gemu. Mjomba dereva wa Dar–Mbeya kwenye usukani wa gemu, karibuni mchambue

#1 Mshono_Wazi

Wakuu salaam. Mamod naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "gemu gani linacheza kwenye RAM 4", hauhusiani kabisa.

Iko hivi. Nina mjomba wangu, dereva mstaafu wa basi, amepiga ruti ya Dar–Mbeya miaka ya tisini yote mpaka macho yalipoanza kumsumbua akaachia usukani. Mzee ana stori za ile barabara balaa. Shida picha hakuna, enzi hizo nani alikuwa anapanda basi na kamera, zipo zile mbili tatu za kusimama mbele ya bampa na konda wake wameweka mikono kiunoni, basi. Na ukimkalisha kwenye kiti ukamwambia "mjomba hebu tusimulie" unapata kitu kama mahojiano ya taarifa ya habari, mtu na ukuta, dakika mbili mtazamaji keshahama.

Ndo likaja wazo la kumkalisha kwenye usukani wa gemu. Nimechukua Euro Truck Simulator 2, lile gemu la malori la kampuni ya SCS la 2012, linacheza hata kwenye mashine ya kawaida na lina Scania yenyewe kwa jina lake, mzee alivyoiona ile nembo akacheka. Usukani ni Logitech G29 wa mtumba, unazunguka digrii 900 na pedali zake tatu. Anaendesha anasimulia, mimi nashuti mikono, miguu, uso, na kile anachokiona kwenye skrini ndo nusu ya pili ya filamu. Isizidi dakika 12.

Sasa ramani ya gemu ni ya Ulaya. Hakuna Chalinze humo, hakuna Msamvu, hakuna Ruaha Mbuyuni. Mzee yuko Austria, misonobari huku na huku, anakwambia "hapa ndo tunaanza kupanda Kitonga, shusha gia mapema, ukingoja gari lichoke umekwisha". Unaona Alps unasikia Kitonga. Wadau wawili niliowaonyesha wameniambia nitafute modi (zile nyongeza wanazotengeneza wachezaji) ya ramani ya Afrika ili vifanane, na mimi nasema hapana, nikifananisha nimeua filamu. Huo mshono ndo ninautaka uonekane. Mzee anaiona barabara ambayo sisi wengine hatuioni, na mtazamaji lazima aijenge kichwani kwa kumsikiliza.

Nimeleta hapa mpige nondo kabla sijafunga kuediti. Nitashusha na mambo ya kiufundi kwa wanaotaka kujaribu.

#2 Kigoda_cha_Mbele

Nimekaa siti ya dirishani kabisa, shusha madini mkuu.

#3 Mzee_wa_Lami

Swali la kijinga labda. Kitonga ipo, haijahama. Si upande tu basi asubuhi Mbezi ukashuti barabara yenyewe? Nauli inajulikana. Mambo ya gemu kwa mtu mzima naona kama kumfanya mjomba katuni.

#4 Mshono_Wazi

Mzee_wa_Lami swali zuri sana wala sio la kijinga.

Kwanza barabara ya leo sio yake. Yeye alikuwa anaondokea Mnazi Mmoja na baadae Ubungo, leo mabasi yako Mbezi Luis tangu 2021. Nikishuti lami ya leo nikamwekea sauti yake juu nakuwa nadanganya kimyakimya, mtazamaji ataamini anachokiona ndo anachosimuliwa. Gemu halidanganyi kwa sababu kila mtu anajua ni gemu.

Pili, na hili ndo kubwa, mwili wa dereva. Aisee nilikuwa sijui. Ukimuuliza mzee Kitonga ilikuwaje anakujibu kwa sentensi moja, "ilikuwa mbaya". Mpe usukani, mpe mteremko, mkono wa kushoto unaenda wenyewe kwenye gia, mguu unapapasa klachi, na mdomo unafunguka. Anakumbuka jina la kijiji, nani alikuwa anauza nini, gari gani lilikuwa limelala pembeni mwaka ule. Tulipokuwa tunateremka kwenye mlima wa Uswisi (ukitoka Mbeya Kitonga unaishuka, kumbuka) akaanza kumgombeza konda ambaye hayupo. Hiyo huipati kwa mahojiano.

Kuhusu kumfanya katuni nitarudi, kuna jambo hapo.

#5 Pikseli_Tano

Mkuu wazo kali lakini mimi ni mtu wa VFX (kuchanganya picha za kompyuta na za kamera), na hii ya "mshono uonekane" mara nyingi nimeona inatumika kuficha uvivu. Mtu kashindwa kulinganisha rangi anasema ni majaribio. Kama una picha ya kamera na picha ya gemu kwenye shoti zinazofuatana halafu moja ina fremu 60 kwa sekunde laini kama mafuta nyingine 25, moja lenzi pana nyingine nyembamba, jicho linakataa kabla akili haijaelewa dhana yako ya kisanii. Umelifanyia kazi hilo au ndo "sanaa"?

#6 Mshono_Wazi

Pikseli_Tano umenigusa penyewe, na nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Mshono uonekane kwenye maana, kwenye ufundi uwe umenyooka. Nashusha:

FREMU. Taimlaini yangu ni 25. Umeme wetu ni 50Hz, ukishuti ndani kwenye taa za nyumbani na shata ya 1/60 unapata mawimbi ya kupepesa, kwa hiyo 25 na 1/50 ndo salama yako huku kwetu. Gemu nalo nimelifunga lisizidi fremu 50 kwa sekunde kwenye mipangilio ya kadi ya picha, OBS (programu ya kurekodi skrini) nimeiweka 50, na monita nimeiweka 50Hz. Ukiacha gemu likimbie 60 halafu urekodi 50 kuna fremu zitarukwa ovyo na gari linakuwa kama lina kwikwi. Halafu kwenye DaVinci, programu ya kuediti, nashusha 50 kwenda 25 kwa kuchanganya fremu mbilimbili, hapo unapata ule ukungu mdogo wa mwendo ambao kamera huwa nao na gemu halina. Hiyo peke yake imeleta picha karibu kuliko rangi yoyote niliyopaka.

LENZI. Kamera kuu ya simu nyingi ni kama 26mm kwa kipimo cha fremu kamili, ambayo kwa upana ni kama digrii 69. Gemu lina mpangilio wa upana wa kuona, nimeuleta hapo kwenye 70. Angalizo, baadhi ya gemu hupima kwa wima, usinakili namba tu. Na ukiwasha stebilaizesheni ya simu inakata pembeni, lenzi inakuwa nyembamba kuliko ulivyopiga hesabu.

SIMU. Inafungwa kila kitu: mwanga, wait balansi, fokasi. Programu ya kamera ya Blackmagic Camera ni bure, ilianza kwa iPhone 2023, Android ikafuata 2024. Ukiacha simu ijiamulie, kila skrini ikibadilika rangi uso wa mzee unabadilika nao.

JUA LA GEMU. Hili limenitoa jasho. Kule ndani muda unakimbia kama mara 19 nje ya miji, dakika 10 za kwako ni masaa matatu na ushee ya gemu. Mzee hajamaliza stori ya tembo wa Mikumi jua limeshazama. Dawa ipo, unafungua faili la config.cfg unaweka g_developer na g_console kuwa 1, ukiingia kwenye gemu unafungua konsoli unaandika g_set_time na saa unayotaka. Hapohapo unapata na kamera huru kwa kubonyeza 0, unaruka nayo nje ya gari kama droni.

Ila sehemu moja nimeacha jua likimbie makusudi. Utaiona.

#7 Pikseli_Tano

Sawa nimeshusha silaha. Nusu.

Bado nakushauri uwe na angalau shoti moja ambapo dunia mbili zinakaa kwenye fremu moja, sio kukatakata tu huku na huku. Blender, programu ya picha za 3D, ni bure, ina kifuatilia mwendo wa kamera, unahitaji pointi zisizopungua 8 zinazoonekana kwa pamoja na kosa lishuke chini ya pikseli 1, ikifika 0.3 unalala usingizi. Unaweza kuweka lori la gemu likipita uani kwa mjomba.

#8 Mshono_Wazi

Lori uani hapana mkuu, hapo ndo inakuwa tangazo la soda. Lakini shoti ya fremu moja ipo: kioo cha pembeni. Ndani ya gemu kioo kinaonyesha barabara ya nyuma, nikakifunika kwa maski nikaweka uso wa mzee nilioushuti kwa kamera, anaangalia nyuma. Kamera ya ndani ya gari haihami kwa hiyo hata kufuatilia mwendo sikuhitaji, nimeongeza mtikisiko mdogo tu unaoendana na kabini. Inakaa kama sekunde sita hivi. Mtu mmoja tu ndo kagundua mapema kuwa ule uso ni wa kweli, wengine wanastuka mzee akipepesa macho.

#9 Babu_wa_Disketi

Vijana msidhani mmeanza leo. Haya mambo ya kushuti sinema ndani ya gemu yanaitwa mashinima na yana umri. Mwaka 1996 kundi la wachezaji wa Quake walitumia uwezo wa gemu wa kurekodi mechi wakatengeneza kikanda kinaitwa Diary of a Camper, hakifiki hata dakika mbili, hakina sauti ya mtu, maneno ni maandishi tu, lakini kamera ilikuwa imejitenga na macho ya mchezaji na hapo ndo sinema ilizaliwa.

Ila ninayoipenda mimi ni The French Democracy ya Alex Chan, Novemba 2005. Vijana wawili walikufa kwa shoti ya umeme huko Clichy-sous-Bois wakiwakimbia polisi, Ufaransa ikawaka moto, jamaa hakuwa hata mtu wa filamu, akakaa na gemu linaitwa The Movies akatoa filamu ya dakika 13 hivi wakati moto haujapoa vizuri. Na mtaona mle ndani mandhari sio Paris, gemu lilikuwa na majengo ya Kimarekani, treni ya kimarekani, akatumia hivyohivyo. Kwa hiyo wewe na Alps zako za Kitonga una babu yako.

#10 Mshono_Wazi

Babu shikamoo. Hii ya Alex Chan nilikuwa naijua juujuu, hilo la majengo sikuwahi kulitazama hivyo. Nashukuru sana.

#11 Nganya_Tupu254

Niaje wasee, niko Nairobi huku. OP hiyo idea ni moto lakini mbona usitumie BUSSID? Bus Simulator Indonesia, iko kwa simu, ni free. Huku tumejaza modi za nganya (matatu zilizopambwa) na mabasi ya long distance mpaka unasahau ni gemu ya Indonesia. Mimi huwa nachora skini, naweza kukuchorea basi la mjomba vile lilikuwa, rangi, maandishi ya nyuma, kila kitu. Na Indonesia wanakeep left kama sisi, hiyo ETS yako ya Ulaya si mjomba anaendesha kulia? Hapo umecheza aje?

#12 Mshono_Wazi

Msee umeuliza swali ambalo sikutegemea liulizwe mapema hivi.

Ndiyo, Ulaya bara wanapita kulia na mzee alikataa. Alijaribu kidogo akasema "huku ni kutafuta kifo". Kwa hiyo sehemu tambarare tumeendeshea Uingereza ya kwenye gemu, wale wanapita kushoto. Lakini Uingereza ya gemu haina mlima wa kueleweka, na bila mlima hakuna Kitonga. Milima ikabidi tuiendeshee hukohuko Uswisi na Austria halafu kwenye kuediti nikageuza picha kushoto-kulia. Gari linahamia upande wetu, usukani unahamia kulia, kila kitu safi, isipokuwa vibao vya barabarani vinasomeka kinyumenyume. Nilitaka kuvifuta. Mjomba akaniambia viache, usiku ukiwa umechoka unavisoma hivyohivyo. Nimeviacha.

BUSSID naitumia tayari kwa shoti za nje, ninapotaka basi lionekane zima, na hiyo skini naitaka sana. Picha za basi ninazo zile mbili tatu za bampa, nitakutumia PM. Kwa vile BUSSID ni ya simu na picha yake ni nyepesi kuliko ya ETS, naitumia pale tu mzee anaposimulia mambo aliyosimuliwa na madereva wengine, sio aliyoyaona mwenyewe. Yani ukiona picha imekuwa nyepesi ujue ni stori ya kijiweni. Hakuna atakayeelezwa hilo, ila nadhani watu wataling'amua.

#13 Nganya_Tupu254

Manze hiyo ya mwisho umeniua. Tuma picha.

#14 Maiki_Juu

Mimi ni mtu wa saundi, nimesoma uzi mzima sijaona neno saundi. Filamu ya barabara bila saundi ni slaidi.

#15 Mshono_Wazi

Maiki_Juu nilikuwa nakusubiri wewe au mwenzio.

Saundi ya gemu nimeizima yote, injini, redio, honi, yote. Kila unachokisikia ni cha kweli. Nilipanda basi kwenda Iringa na rekoda ndogo mfukoni na maiki ya kubana nguoni, nikachukua mlio wa kabini, mtu akikoroma, mfuko wa plastiki uliobanwa dirishani unapiga kelele safari nzima, breki za upepo zikipumua stendi, wauza vitunguu pale Ruaha Mbuyuni wanavyogonga bodi ya gari, mlio wa injini ukibadilika mnapoanza kupanda. Kwa hiyo Kitonga ipo kwenye filamu, Mzee_wa_Lami usilalamike, ila ipo kwa masikio tu.

Na hapo ndo dunia mbili zinapoungana. Picha inaweza kuruka kutoka sebuleni kwenda Alps kwenda kwenye mikono ya mzee, mlio wa kabini haukatiki. Kila ninapobadilisha dunia naitanguliza saundi kama sekunde moja na nusu kabla ya picha. Unasikia wauza vitunguu bado uko sebuleni, ndo unahamia barabarani, ambako hakuna hata mtu mmoja kwenye lami. Jaribu kuziba masikio uangalie, inaonekana klipu za ovyo zimebandikwa. Fungua masikio ni safari.

Kila kitu 48kHz. Simu zinarekodi video kwa mwendo wa fremu usio sawa, usipozipitisha HandBrake (programu ya kubadilisha video) ukachagua fremu zisizobadilika, mdomo na sauti vinaachana taratibu mpaka dakika ya tano mzee anaongea kama filamu ya kung fu iliyotiwa sauti.

#16 Maiki_Juu

Nimeridhika. Moja tu, sauti ya mzee umeichukulia chumba gani? Sebule ya tofali na bati ina mwangwi, haiwezi kuwa kabini.

#17 Mshono_Wazi

Ndiyo, sebuleni, na sio kabini wala sijajifanya. Ila nilitundika mablanketi nyuma ya kamera na feni ilizimwa, tukapikwa wote humo ndani. Mvua ikinyesha juu ya bati tulikuwa tunasimama.

#18 Sauti_ya_Bibi

Naomba nirudishe hoja ya Mzee_wa_Lami maana OP uliahidi ukaipita. Hili la kumfanya mzee kichekesho. Mimi nimeshaona video za "babu akicheza gemu kwa mara ya kwanza", watu wanacheka anavyogonga ukuta, zinapata maelfu ya laiki. Filamu yako inaepukaje hapo? Na mjomba mwenyewe kaiona? Karidhia?

#19 Mshono_Wazi

Dada Sauti_ya_Bibi asante kwa kunikumbusha, nilikuwa naizunguka kwa sababu ni ndefu.

Mjomba kaona kila hatua na lolote analosema litoke linatoka. Kuna stori ya ajali ya mwenzake alisimulia, kesho yake akanipigia akasema ile hapana, ile ina familia yake. Imefutwa hadi kwenye diski.

Kuhusu kucheka. Kwanza sijaweka hata klipu moja ya yeye kujifunza. Filamu inaanza tayari anaendesha vizuri, na anaendesha vizuri kweli, akichukua kona anaanza kuzungusha usukani kabla sisi hatujaiona kona. Pili sijawahi kuweka shoti pana inayoonyesha mzee, meza, monita na waya kwa pamoja mwanzoni. Hiyo shoti pana ndo inayochekesha, inamfanya mtu mzima mbele ya kidude cha watoto. Shoti zangu ziko karibu, vidole, shingo, miwani, kwa muda mrefu hujui yuko kwenye nini.

Halafu kuna jambo alilolisema baada ya kuona kipande cha kwanza. Nilidhani atalalamikia vibao au misonobari. Alichosema ni "basi halina abiria". Na kweli, nyuma yake hakuna mtu. Dereva wa basi anaendesha watu, akasema yeye hata leo akiwa peke yake kwenye gari anajiona kama ameiba.

Basi tukamjazia abiria. Tumekusanya ndugu, shangazi, binamu, majirani na watoto wao, tukapanga viti vya plastiki sebuleni wawiliwawili na njia katikati, mzee mbele. Pembeni nikaweka televisheni ya inchi 43 imegeukia watu, inacheza picha ya dirisha la pembeni la gemu, taa zote zimezimwa, kwa hiyo mwanga unaowapita usoni ni wa barabara ya gemu. Wakubwa wanafanya hivyohivyo kwa ukuta mzima wa LED unaoendeshwa na Unreal, programu ya kutengenezea magemu, sisi tumefanya kwa TV moja na nyaya za jirani. Shangazi mmoja alileta mayai ya kuchemsha bila kuambiwa. Watoto wakalala kweli. Hakuna aliyeigiza, nilimwambia mzee tu aendeshe mpaka Makambako.

Hiyo ndo sehemu niliyoliacha jua likimbie. Dakika kumi bila kukata wakati wa kushuti, kwenye filamu zimebaki nne, mwanga unatoka mchana unaingia machweo unaingia usiku kwenye nyuso zao, na wakati huo mzee hajasema neno. Shoti pana ya kwanza ya filamu ni hiyo. Ukiiona viti vya plastiki na waya hucheki tena.

#20 Sauti_ya_Bibi

Sawa. Sina la kuongeza, nataka kuiona.

#21 Mzee_wa_Lami

Nimefuta kauli yangu ya katuni. Ila mayai bila chumvi iliyofungwa kwenye karatasi ni makosa ya kihistoria.

#22 Mshono_Wazi

Chumvi ilikuwepo mkuu, kwenye kipande cha gazeti. Nina shoti yake.

#23 Kifungu_cha_Sheria

Samahani nawaharibia raha. OP una mpango wa tamasha? Maana picha za gemu ni mali ya kampuni ya gemu. Kununua leseni ya kucheza sio kununua haki ya kuonyesha sinema. Kampuni nyingi zinaruhusu video zisizo za biashara, Microsoft kwa mfano walitoa kanuni zao za maandishi tangu 2007, lakini kila kampuni na lake, na siku ukumbi ukitoza kiingilio au televisheni ikitaka kununua, maswali yanaanza. Pia skini na modi zina mwenyewe, huyo kijana wa Nairobi akichora jina lake lazima lionekane na muandikiane hata kwa barua pepe. Na kwa hapa nyumbani usisahau Bodi ya Filamu, kibali hakiangalii kama barabara ni ya Austria.

#24 Mshono_Wazi

Mkuu hujaharibu kitu, hili ndo watu wengi wanalikimbia. Barua kwa wenye gemu nimeshaandika, nimeeleza filamu ni nini, dakika ngapi, haiuzwi, itaonyeshwa wapi. Nasubiri. Wakikataa nina njia ya pili, kuijenga barabara mwenyewe kwenye Blender au Godot ambazo ni bure na kazi inakuwa yangu, ila itapoteza kitu, mzee alikuwa anaendesha gemu hili na sio lingine, na Scania ile ndo iliyomfungua mdomo. Muziki wa redio wa ndani ya gemu haumo hata sekunde moja. Kibali cha bodi nakifuatilia. Nguvu naiweka tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, na kama kuna tamasha dogo la filamu za majaribio mnalijua, mniandikie.

Ila kuna filamu moja inanipa moyo, Grand Theft Hamlet ya 2024, Waingereza wale wameshuti nzima ndani ya GTA Online na imefika kwenye majumba ya sinema. Kwa hiyo mlango upo.

#25 Pikseli_Tano

Ile haina kamera ya nje hata kidogo lakini, yote iko ndani ya gemu. Yako ni ngumu zaidi. Naomba kuuliza rangi, uso wa mzee na Alps umeviwekaje?

#26 Mshono_Wazi

Sijazipaka zifanane. Picha ya gemu ni safi mno, nimeipunguzia ukali, nikaongeza chembechembe zilezile nilizoweka kwenye picha ya kamera, na nikashusha ule ukijani wa nyasi za Ulaya uende kwenye ukahawia kidogo. Weusi wa gemu niliunyanyua, kamera ya simu haina weusi ule. Basi, nikaishia hapo. Ngozi ya mzee ndo bosi, kila kitu kingine kinamfuata yeye.

#27 Kigoda_cha_Mbele

Mkuu na sisi wa laptopu i3 isiyo na kadi ya picha? Bibi yangu alikuwa anaendesha boti ya mazao Ukerewe, nimepata wazimu tangu jana usiku.

#28 Mshono_Wazi

Tafuta gemu la simu lenye maji, yapo. Rekodi skrini kwa rekoda ya simu yenyewe, weka simu kwenye hali ya ndege kwanza meseji zisikuingilie. Ile video ipitishe HandBrake, fremu 25 zisizobadilika. Kuediti tumia rezolusheni ya 720 kama laptopu inalia, kwenye kutoa ndo upandishe. Lakini anza na saundi, nenda Ukerewe urekodi injini ya boti na maji yanavyopiga ubao kabla hujagusa gemu lolote. Na bibi yupo?

#29 Kigoda_cha_Mbele

Yupo. Haoni vizuri ila mdomo upo.

#30 Mshono_Wazi

Basi mpe kasia ashike. Usimpe simu.